Wifi Alisema Nitupe

Kuna siku moja ya Ramadhani naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nakusimulia wewe kwa sababu jana nimekuona. Mteja alipoingia, ulikisokomeza chini ya cherehani hicho kijishuka cha vipande unachomshonea mwanao kwa ajili ya Idi. Unaficha nini? Kwani umeiba? Hebu weka mkasi chini, unisikilize.

Nilikuwa binti kama wewe, na tayari mjane. Mume wangu alikuwa mpakia mizigo bandarini. Homa ikamchukua, akaniachia Rajabu, mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Nikapata kazi kwa Fundi Athumani, hapahapa Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitambaa. Natia vifungo, napiga pasi, nakunja pindo, mtoto yuko miguuni. Fundi alikuwa mkali, na alikuwa na sharti lake: kitambaa kikibaki, hata kama ni upana wa kiganja, muulize mwenyewe kabla hujakigusa. Si unajua tunavyosemwa mafundi, eti tunakula vitambaa vya watu?

Siku hiyo akaja wifi yangu, Mwajuma, dada wa marehemu, kuchukua gauni lake la Idi. Wifi alikuwa na uwezo. Nyumba yake Magomeni ilikuwa na mazulia. Akamkuta Rajabu amelala sakafuni juu ya kanga kuukuu. Akaguna.

"Idi Mosi nakuja kumchukua huyu mtoto," akasema mbele ya wateja. "Mtoto wa kaka yangu analala chini kama hana kwao? Huna hata kitandiko cha kumlazia siku ya sikukuu!"

Wifi hakuwa anatania, na ukoo wote ulikuwa upande wake. Lakini kazi ni kazi. Nikamkunjia gauni lake, nikamwonyesha mabaki ya ile satini ya kijani.

"Wifi, vipande hivi nikufungie?"

"Matambara hayo nikayafanyie nini? Tupa."

Fundi Athumani alisikia. Akanitazama kidogo, akaendelea kukata.

Kuanzia hapo kila mteja nikawa namuuliza, na kila aliyesema tupa, nilitupa kwenye kikapu changu. Mchana wenzangu wakijinyoosha kwa swaumu, mimi niko na sindano, naviunga viwe kitandiko cha Rajabu. Kipande cha kanzu ya ustadhi, kipande cha gauni la muuza maandazi. Jirani yangu Mama Neema, Mkristo wa kutoka Masasi, akaniletea mwenyewe kipande chekundu cha gauni lake la Krismasi. Usidhani ilikuwa rahisi! Vingine vimekatwa mshazari, ukivishona vinavutika na kujikunja. Nashona, nafumua, nalia kwa hasira, natukana kimoyomoyo na huku nimefunga. Mungu anisamehe. Kanga yangu kuukuu nikaifanya bitana. Ile satini ya kijani nikaiweka katikati kabisa, na niliiweka makusudi.

Idi Mosi nikakitandika uani, mtoto juu yake, sahani za pilau zinazunguka. Mama Neema hakumaliza hata tonge la kwanza. "Jamani, si gauni langu hili!" Na muuza maandazi naye akainama kutafuta lake, watu wakaanza kucheka na kuonyeshana.

Wifi akaingia, amependeza kweli, gauni la kijani linameremeta. Akatazama chini.

"Ndiyo nini hii? Mtoto wa kaka yangu unamlaza kwenye matambara?"

"Wifi, tazama hapo katikati."

Akatazama. Kisha akajitazama mwenyewe.

"Kama hilo ni tambara," nikamwambia, "basi na wewe leo umevaa matambara, wifi yangu."

Akapandisha sauti: "Umeniibia kitambaa changu!"

"Nilikuuliza mbele ya fundi na wateja wake. Ukaniambia tupa. Nimetupa, wifi. Nimemtupia mwanangu."

Nyinyi vijana mnajidai nyinyi ndio mlioanza kusema mtu katupia akivaa vizuri. Mimi nilimtupia Rajabu kabla mama zenu hawajazaliwa! Mama Neema alicheka mpaka akaweka sahani chini. Nikambeba mwanangu na kitandiko chake, nikamwambia wifi: "Sikukuu njema, karibu pilau. Mtoto haendi popote."

"Una mdomo wewe!" akasema. Akala pilau, akaondoka peke yake. Idi iliyofuata alileta vipande vyake mwenyewe, kavifunga kwenye gazeti. Na mimi sikumuuliza. Rajabu mwenyewe unamjua, si yule mwenye mvi anayekuja hapa kila Ijumaa kudai chai?

Basi sikiliza, mwanangu. Mabaki ya watu usiyachukue kimyakimya. Uliza, tena uliza kwa sauti. Siku ile, kama nisingeuliza, ningekosa la kujibu na mtoto angeondoka. Lakini ukishapewa, ni chako, na mtu yeyote asikufanye uone haya kwa kitu ulichokishona kwa mkono wako. Wakisema matambara, waonyeshe kipande kilichokatwa kwenye nguo zao wenyewe. Haya, kitoe huko chini, kitundike hapo mlangoni wateja wakione. Ukimaliza bitana niletee nikukazie pembe, maana pembe zako bado zinalegea.

Mungu akupe mkono mwepesi na uso usioinama. Akukuzie mwanao, na siku ya Idi atupie mpaka mtaa mzima ugeuke.