Jeneza la Mama Mkwe na Kompresa ya Tairi

Kama kuna mtu wa Asembo Bay kati yenu, namwomba aangalie pembeni kidogo mpaka nimalize, kwa sababu yeye hii habari ameshaisikia kwa wengine, na najua kwa wengine ilitiwa chumvi. Mimi nitawapa ilivyokuwa. Niliaibika mbele ya wakwe zangu wote, siku ya kumzika mama mkwe, na hakuna aliyeniponza ila mdomo wangu mwenyewe (mdomo ambao siku hiyo ulikuwa umevimba, lakini huko tutafika).

Mchana naendesha gari la shule hapa Kisumu, na jioni nageuka fundi mbao nyuma ya nyumba yangu, Kondele, chini ya kibanda cha mabati. Stuli, meza, kabati za vyombo, hizo ndizo kazi zangu, na vanishi siku zote nilipaka kwa brashi na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Ningebaki hapo hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Mama mkwe alifariki ghafla. Mke wangu, Adhiambo, alitoka wodini jioni akijua kesho atamrudia na uji, na kabla uji haujachemka akapigiwa simu. Hakumwona tena. Alifunga virago akaenda Asembo kupokea waombolezaji, mwili ukabaki mochari huku mjini, kwa hiyo nafasi yake ya kumwona mama ilikuwa moja tu, Jumamosi pale nyumbani, jeneza litakapofunguliwa kabla ya kuzika. Aliniambia kwa simu, sauti imemkauka, "Baba Atieno, mimi nataka tu nimuone uso. Nimwambie pole vile nilienda nikamuacha."

Sasa kikao cha familia kikakaa, na mimi, badala ya kutulia kama mkwe anavyotakiwa kutulia, nikanyoosha mkono nikasema, "Jeneza niachieni mimi."

Watu walitazamana. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hamli meza moja, hamkai kiti kimoja, na akifa mkwe huja na ng'ombe wake na watu wake, anaketi kwenye hema la wakwe, wala hasogei kumchungulia maiti. Jeneza ni kazi ya wanawe. Ochieng', kaka mkubwa wa Adhiambo, aliniuliza kwa upole tu, "Orwa, una uhakika? Tunaweza nunua tu, hakuna neno." Orwa ni mkwe wetu, na alivyolitamka siku ile lilikuwa na mapenzi. Nikamjibu nina uhakika. Nilitaka Adhiambo amwone mama yake ndani ya kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na (nisidanganye) nilitaka pia wale mashemeji waseme kumbe huyu dereva ni mtu.

Jeneza nililiunda kwa mvule, na kwa uundaji sijilaumu mpaka leo, viungo vilikaa sawasawa. Shida ilianza nilipopita kwenye maduka ya majeneza karibu na mochari nikaona yanavyong'aa, unajiona mpaka meno. Brashi yangu nikaiona takataka. Nikaamua hapo hapo kwamba hili litapulizwa vanishi kwa kompresa, kama ya dukani.

Nikaenda duka la mashine kuinunua, na mwenye duka alikuwa mama mmoja mpole. "Ni ya kazi gani, Baba?"

Hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Ningesema ni ya kupuliza vanishi kwenye jeneza, angeuliza nani ametuacha, nikisema mama mkwe angeshangaa kwani maro wako (ndivyo tunavyomwita mama mkwe) anatengenezewa jeneza na wewe, watoto wake wako wapi, na wateja wangegeuka kuniangalia. Niliona haya. Nikasema, "Ya kujaza tairi tu."

"Ya lori ama ya boda?"

"Ya boda."

Basi akanipa inayomfaa mtu wa tairi za boda, kitangi kidogo chekundu chenye magurudumu, kizuri kweli, na mota yake imeandikwa nambari kubwa iliyoniridhisha. "Hii itakutosha kabisa," akasema. "Lakini kila ukimaliza kazi fungua hapa chini maji itoke. Na hii valvu ya juu ikianza kupiga filimbi, zima stima, usiiguse." Nikatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa na kompresa.

Leo najua kwamba tairi linataka upepo mara moja linanyamaza, lakini bunduki ya kupulizia vanishi inakunywa upepo bila kupumzika, na bila tangi kubwa utapuliza ubao mmoja kisha usimame uingojee mota ipate pumzi. Leo najua pia upepo ukikandamizwa unatoa maji, hasa huku kwetu ambako ziwa likipumua hata chumvi jikoni inalowa. Siku ile nilijua tu kwamba nambari ni kubwa.

Alhamisi nikaanza. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mabati yanadondoka, na mimi nimejifunga kitambaa cha jikoni puani, macho wazi, pale moshi wa vanishi na thina ulipokuwa mzito mpaka nikawa naimba peke yangu. Bunduki ilipuliza vizuri kidogo, ikakohoa, ikatema matone. Vanishi ikageuka nyeupe kama chai iliyozidi maziwa. Ningeacha hapo nikachukua msasa na brashi, bado nilikuwa na muda. Lakini nikajiambia kinachokosekana ni nguvu, nikachukua bisibisi nikakaza ile skrubu ya swichi inayoizima mota tangi likijaa, ili lijae zaidi. Valvu ya juu ikaanza kupiga filimbi. Nami nikaona inanipotezea upepo, nikaifunga kwa waya.

Ndiyo. Niliifunga kwa waya, nikauzungusha mara kadhaa na koleo, nikarudi kazini nimefurahi kwa sababu kelele imeisha.

Nikapiga koti la pili la vanishi kuficha weupe, nikapiga la tatu kuficha la pili. Katikati ya hilo la tatu mpira ukachomoka kwenye bunduki, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na kile chuma cha mwishoni kikanipiga mdomoni. Nilikaa chini kwenye takataka za randa bila kujua nimekaaje. Jirani akachungulia juu ya ua, "Baba Atieno, uko sawa? Nani amekupiga?" Nikamwambia niko sawa, ila ilitoka kama mtu anayeongea na ugali moto mdomoni.

Kufika Ijumaa jeneza liling'aa. Ukiligusa kwa kidole lilikuwa kavu. Lakini ule ukavu ulikuwa wa juu tu kama utando wa uji, chini makoti yote matatu yalikuwa bado mabichi na yamejaa maji, na mimi sikubonyeza kwa nguvu kwa sababu sikutaka kujua. Tulilipeleka mochari, Ochieng' na nduguze wakaingia (mimi nikabaki nje, kama desturi), mama akalazwa, kifuniko kikafungwa, tukaondoka na jua la mchana likilipiga jeneza juu ya pikapu mpaka Asembo.

Jumamosi watu walijaa. Hema la wakwe lilikuwa upande wa mwembe wa nyuma, mbali kidogo, na mimi nimeketi mstari wa mbele na suti na mdomo kama mandazi. Nilisikia wakinong'onezana kwamba orwa amepigana, mwingine akasema ni pombe. Nilivumilia hayo. Nilikuwa nasubiri kifuniko kifunguliwe.

Kina mama wa kanisa walikuwa wametandika lesi nyeupe juu ya jeneza tangu jioni. Mmoja alipoivuta haikuja. Akavuta tena, ikaja na utando wa vanishi, na sehemu nyingine ikabaki imenata ikachanika, na ile sauti ya kitambaa kuchanika ilifika mpaka hemani kwetu. Halafu Ochieng' akashika kifuniko. Hakikufunguka. Akajaribu kwa mikono miwili, glavu zake nyeupe zikabaki zimebandikwa kwenye mbao yeye akiwa ameshatoa mikono. Vanishi ilikuwa imeyeyuka kwa jua ikagandisha kifuniko na sanduku kuwa kitu kimoja.

Adhiambo alikuwa amesimama kichwani, shangazi zake wamemshika huku na huku. Nilimwona akingoja. Nilimwona akiacha kungoja. Akasema, si kwa nguvu lakini watu walikuwa wamenyamaza, "Kwani mama hafunguki?"

Mwili wangu wote ulitaka kuinuka. Mimi ndiye niliyejua pa kuanzia, ningechukua kisu chembamba nikapitisha pembeni taratibu, ningelifungua bila kuumiza kitu. Na ndiye mtu pekee katika boma lile asiyeruhusiwa kusogea pale. Nilinyanyuka nusu, mzee aliyekaa kando yangu akanishika koti. "Orwa, keti. Huyo ni maro wako." Nikaketi.

Mzee mwingine, mdogo wake marehemu, akauliza, "Hii jeneza ilinunuliwa wapi?" Na mtu akamjibu, nafikiri hakuwa na nia mbaya, "Haikununuliwa. Ni ya orwa." Basi vichwa vyote vikageuka kwenye hema letu.

Walileta kisu cha kusafishia samaki. Ochieng' alikipitisha kwenye ufa akipiga kwa kiganja, mbao inalia, na kila pigo Adhiambo anafumba macho. Ule mvule wangu ulipasuka pembeni. Kifuniko kikaja, harufu ya thina ikatoka imefungiwa humo tangu mjini, kali, watu wakarudi nyuma wakikohoa, na mke wangu akamwinamia mama yake akiwa ameziba pua kwa leso. Alichomwambia sijui. Alikohoa katikati. Kisha ikabidi wafunge haraka, watu wengine hawakupata hata kupita, na nilipoitwa kama mkwe kusema maneno mawili, nilisimama na ule mdomo, machozi yakaja kabla ya salamu, nikarudi nikakaa.

Wakwe hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Ochieng' alikuja jioni akanipa mkono, kiganja chake bado kinanata, akasema, "Orwa, ilifunguka, yawa. Wacha ipite."

Tukarudi Kondele. Siku moja Adhiambo alikwenda nyuma kuanika nguo, akakawia, akaniita. Alikuwa ameinama juu ya kompresa.

"Hii waya ni ya nini?"

Nikamweleza. Sikuficha, nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwambia valvu ile hupiga filimbi tangi likijaa kupita kiasi, na ukiifunga tangi halina pa kupumulia, linaweza kupasuka, na mtu aliye karibu hapati nafasi ya kukimbia. Nikamwambia nilishalirudia lile duka, nikamwambia yule mama ukweli wote, akashika kichwa. Nikamwapia kwamba sitapuliza tena kitu chochote kwa kompresa ya tairi, sitaigusa valvu, maji nitayatoa kila siku, na jeneza la mtu wa familia nitalinunua dukani na risiti yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alianza kuufungua ule waya kwa vidole, taratibu, ukamchoma, akaendelea.

"Mama hangejua kama ni brashi," akasema. "Hata mimi singejua. Wewe ulitaka ing'ae, na mimi nilitaka nimzike mama halafu nirudi nyumbani nikupate mzima."

Nilichukua koleo nikamsaidia kuufungua uliobaki.