Bega la Ami Nasoro

Juzi kwenye televisheni nilimwona kocha wa besiboli akimpa mpira mrushaji wake bora, ambaye hata hajapumzika vya kutosha. Nikamkumbuka Ami Nasoro, ndugu wa baba yangu, mrushaji wa timu yetu ya kriketi pale mtaani kwetu Al Khuwair nilipokuwa mtoto. Alikuwa amerusha jana yake, na mchana wa fainali bega lake lilinukia mafuta ya karafuu.

"Nnaweza," alimwambia nahodha.

Nahodha alimwona akinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, si ule wa kurushia. "Leo pumzika, ndugu yangu."

Nililia, nikidhani ameadhibiwa. Ami akanipakata, huku akimshangilia mwenziwe aliyeshika mpira. Tulishindwa. Lakini msimu uliofuata alirudi uwanjani, na mpaka leo, kichwa kimejaa mvi, kila Ijumaa anawarushia wajukuu zake.