Aya Ambayo Kamati Haikuiona

Odeta Mhoja alipewa kazi ya kuandika risala ya kumpokea Kardinali kwa sababu katika parokia yao, kusini mwa Mwanza, ni yeye tu aliyekuwa na taipureta. Aliipata kwenye ushirika wa pamba, walipompunguza kazini mwaka tisini na nne.

"Andika maisha ya Mwadhama, tangu kuzaliwa mpaka kofia nyekundu," mzee Yeremia, mwenyekiti wa kamati, alimwagiza. "Usiache kitu, mama."

Wee! Kumwambia Odeta asiache kitu! Miaka ishirini na tisa mwanamke huyu alikuwa akilea kisasi.

Mwaka sitini na saba, huyo Kardinali alikuwa Padre Nathaniel Shimba, paroko wao, kijana ndiyo kwanza ametoka seminari. Mama yake Odeta, Bernadeta, alifariki. Alikuwa mwanakwaya, hakosi misa. Lakini jeneza lilipofunguliwa mlangoni pa kanisa, padre aliona shingoni gamba la konokono alilovalishwa na wazee alipougua, kwa ajili ya mizimu ya ukoo. "Huyu simziki," alisema, akafunga mlango. Bernadeta akazikwa kando ya shamba la pamba, bila kengele wala maji ya baraka. Odeta alikuwa na miaka kumi na miwili. Akaapa kwamba mtu yule atalisikia jambo hili mbele za watu.

Padre akaenda kusoma Roma, akawa askofu, akawa kardinali. Kila cheo kilipotangazwa redioni, Odeta aliizima. Lakini hakuhama kanisa. Ukihama, utamkamatia wapi?

Kamati ilisoma risala ikaipitisha. Jioni hiyo Odeta akarudi mezani, akachapa aya moja zaidi.

Siku ikafika. Akina mama walikaanga sangara wazima, si yale mapanki, mabaki ya mifupa ya viwandani, tuliyozoea. Odeta akasimama mbele ya kipaza sauti, akasoma. Kila cheo, vigelegele. Kisha akasoma aya yake: "Mwaka 1967 Mwadhama alikataa kumzika Bernadeta, mama yangu, akamfungia mlango wa kanisa."

Mzee Yeremia akamvuta mkono wa gauni. Hakugeuka. Alijisikia vizuri, nisikufiche. Malipo ni hapa hapa duniani.

Kwa desturi, mgeni rasmi hujibu risala. Kardinali, mzee sasa, akapewa kipaza sauti.

"Nisamehe, mama," alisema polepole. "Bernadeta yupi? Miaka ile niliwakataa wengi."

Hapo Odeta alichomwa kuliko siku ile ya mlango. Kumbe mtu aliyemchukia miaka yote hata hamkumbuki Bernadeta! Akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Kardinali.

"Mwadhama anauliza ni yupi," aliwaambia watu. "Wenye wafu wao wasimame, wamkumbushe."

Akasimama Ngosha, mpiga ngoma wa kwaya. Akasimama Paskazia na dada zake wawili. Viti vikazidi kulia nyuma huko, hata Odeta akaacha kuhesabu. Mwishowe mzee Yeremia akaliachia lile gauni.

"Baba yangu," alisema. "Luhaga. Sitini na nane."

Odeta akaigeuza risala upande usioandikwa, akaiweka mapajani mwa Kardinali, na kalamu juu yake.

"Andika majina, Baba," alisema. "Tutakungoja."