Marehemu wa Mpira

Pale hospitali ya wanyama walimwita Bi Najua, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa muuguzi tangu jengo likinuka rangi mpya, na hakuna swali la paka wala mbwa ambalo hakulijibu kabla halijaisha. Daktari mkuu alipomwambia aende kozi ya nusukaputi, alitabasamu kama malkia aliyetumwa kufagia uwanja.

"Mimi nifundishwe kulaza mbwa?" alimwambia mumewe, fundi friji.

"Nenda ukawafundishe wao, mama," mumewe akajibu, akiendelea kula. Mwanamume yule alipenda amani.

Darasani kulikuwa na mbwa wa mpira aliyeungwa na mitambo, anapumua vizuri kuliko mkufunzi. Bi Najua akajitolea kwanza, wala hakuombwa. Akasukuma mrija wa hewa kooni kwa madaha, akafungua gesi, kisha akawageukia wenzake kuwaeleza kazi inavyofanywa. Alieleza vizuri sana. Alipogeuka tena, mbwa alikuwa marehemu.

"Pole kwa msiba," mkufunzi akasema. "Mrija umeupeleka tumboni."

Darasa likaangua kicheko. Akarudia, safari hii akamuua kwa gesi kuzidi. Jioni alilia bafuni, bomba likiwa wazi asisikike. Kesho yake akafanya jambo geni kabisa kwake: akauliza. Aliuliza na kuuliza, hadi mkufunzi akawa anamkwepa kwenye ngazi.

Aliporudi kazini, mpasuaji, bingwa wa mifupa na wa kujisifu, alikuwa akiunga mguu wa mbwa wa mwalimu mstaafu. Bi Najua aliketi upande wa kichwa, kimya, jambo lililowatia wenzake wasiwasi.

"Daktari, simama. Ufizi unageuka buluu."

"Nimebakiza skrubu moja."

"Utaifunga kwenye maiti. Simama!"

Akasimama. Mrija ulikuwa umechomoka mguu ulipovutwa. Bi Najua akaurudisha, akaminya mfuko wa hewa polepole mpaka ufizi ukapata wekundu wake.

Mbwa alizinduka. Mwalimu akamkumbatia daktari, akamshukuru daktari, akapiga picha na daktari. Bi Najua akakabidhiwa blanketi lenye mkojo. Akalibeba, uso umemnawiri, akachungulia ofisini kwa daktari mkuu.

"Samahani, bosi. Ile kozi ya kulaza wanyama wenye ugonjwa wa moyo inaanza lini?"