Siku Mzee Bazili Alipoitwa Mlevi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwenye zahanati moja kata ya Nyamigogo, Biharamulo, nimevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mfupi, mkali, na mwenye huruma ambayo hakujua kuificha. Mgonjwa wa kwanza alipoingia tu, nikarukia mashine ya presha.

"Sista, weka chini hiyo mashine. Umemsalimia?"

"Bado, daktari."

"Basi hujaanza kazi."

Alinieleza kwamba salamu zetu zenyewe ni kipimo. Mtu akikuitikia, unasikia kama maneno yanatoka sawasawa. Akitabasamu, unaona kama pande zote mbili za uso zinapanda. Akikupa mikono yote miwili kwa heshima, unapima nguvu zake bila yeye kujua. Nilimcheka kimoyomoyo, maana nilikuwa nimetoka chuoni juzi na nilijiona najua kila kitu.

Baadaye nikahamishiwa hospitali kubwa, wodi ya wanaume, chini ya Matroni aliyetembea kimya hata ukimtaja vibaya unamkuta nyuma yako. Huko ndiko nilikokijua kiharusi. Ni damu kushindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Kwa macho huwezi kutofautisha, ndiyo maana Matroni alitukataza kumpa mgonjwa aspirini kabla hajapigwa picha ya ubongo, na picha hiyo ilikuwa mbali, hospitali ya rufaa. Muuguzi akisema mgonjwa amelewa, Matroni alimgeukia taratibu.

"Umepima sukari? Umeangalia mikono? Umemsikiliza akiongea? Ulevi uache mwisho kabisa, mwanangu."

Alitaka tupime sukari kwa sababu ikishuka sana nayo humfanya mtu aongee ovyo na kupepesuka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Murusagamba, Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, ambako mvua ikinyesha barabara ni ya kumwomba Mungu. Niliwapenda watu wa kule, na niliyempenda zaidi ni jirani yangu Mzee Bazili, mkulima wa migomba, mfuga nyuki na mtani asiyeshindwa. Alikuwa akiwatangazia watu kwamba sindano zangu zinauma kuliko nyuki wake. Nami nilimwambia nyuki wake angalau wanatengeneza asali, yeye anatengeneza kelele tu.

Jumapili moja baada ya misa, mkewe, Mama Konsolata, alinijia nyumbani amefura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari, nipe dawa ya kumzindua mlevi. Bazili amenitia aibu mbele ya wakwe!"

Siku hiyo walikuwa na wageni wa posa ya binti yao. Wazee walikaa kuzunguka mtungi mmoja wa rwagwa, pombe yetu ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Bazili akawa anavuta, pombe inamchuruzika pembeni mwa mdomo. Wenzake wakaangua kicheko, naye Severini, rafiki yake wa tangu utoto, ndiye aliyecheka kuliko wote. Kwa kuwa kulewa mbele ya wakwe ni fedheha, familia ikambeba haraka ikamficha chumba cha ndani ili alale.

"Amekunywa sana?" nikauliza.

Akasita. "Hata hajaanza vizuri. Mrija ulimponyoka."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Na tulipotoka kanisani alikuwa mzima kabisa, anaimba."

Nilibeba vifaa nikakimbia. Nilimkuta Severini amempakata mzee, anataka kumnywesha maziwa.

"Usimpe kitu chochote! Atapaliwa!"

Nikapiga magoti. "Mzee wangu, shikamoo. Nipe mikono yako."

Wa kushoto ulikuja. Wa kulia ulibaki kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umeshuka upande huohuo, na alipojaribu kuniitikia aliguna tu. Niliogopa, nasema wazi. Sukari ilikuwa sawa, presha ilikuwa juu mno. Nilimlaza kiubavu nikapiga simu kuita gari la wagonjwa, nikawaeleza pia alionekana mzima mara ya mwisho lini, kwa sababu kuna matibabu yanayofaa saa za mwanzo tu.

Gari lisingeweza kupanda kilima kwa tope. Wanaume wakaleta ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa, na wakwe wakavua makoti yao wakaingiza mabega pamoja na wenyeji. Severini alishika mbele mpaka barabara kuu, akakataa kupokewa.

Bazili alipona kwa kiasi. Mguu anauburuta, na maneno yalimrudia polepole, mkewe akimfundisha kama anavyofundishwa mtoto.

Sasa nimestaafu, lakini mdomo wangu haujastaafu. Kwenye misiba, harusini, popote, nawaambia vijana: uso ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea, maneno yakivurugika, macho yakififia, mtu akiyumba bila sababu, mkimbizeni hospitali, hata kama dalili zimepotea njiani. Wengine wananiona nasumbua. Sijali.

Siku nilipoagwa kazini, viongozi walihutubia mpaka chakula kikapoa. Kisha Bazili akaomba kusimama. Tulisubiri kila neno lake.

"Siku ile... nilikuwa nawasikia. Mlikuwa mnacheka. Nilitaka... kusema... sijalewa."

Severini akainuka, akaenda akaushika ule mkono wa kulia usio na nguvu, akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Chakula kilipogawiwa, alikuwa bado ameushika.