Sungura Kwenye Grupu ya Darasa

Watoto, kisa hiki kilianzia kwa mwalimu wa mjukuu wangu, hapa mtaa wa Mowlem. Yeye hutaka watoto wasome kwa sauti, tuwachukue video, tutume kwa grupu ya darasa ya WhatsApp. Mjukuu akasoma hadithi ya sungura nikimchukua video, na mimi nikasema, "Vizuri sana!" Wazazi wote wakasikia.

Mwalimu akanipigia simu, akaongea polepole. "Shosho, kwa hiyo video ameshika kitabu cha hesabu. Hakuna sungura hapo."

Kumbe mtoto alikuwa anatunga tu! Miaka yote nikiombwa kusoma nimesingizia miwani imepotea. Siku hiyo nilishindwa kudanganya. "Mwalimu, mimi sijui kusoma."

"Basi Jumamosi mkuje wote wawili, niwafundishe kusoma."

Haya watoto, laleni sasa. Kesho ni Jumamosi, shosho yenu ana shule.