Uji Usioonjwa

Mama yangu alinifundisha somo la uji kabla sijajua kusoma. Kwetu, juu kidogo ya Nkubu, anayekukaribisha uji hupiga funda yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kibuyu. Asipoonja, usinywe. Mshukuru, msifie mawele yake, sema tumbo linakusumbua, lakini usinywe. "Na hata akionja," mama angeongeza, "wako wanaotangulia kumeza dawa ya kujikinga." Ungemfuata mama hadi mwisho wa maneno yake, hungekula popote ila jikoni kwake.

Nilirithi macho yake, wala sijutii. Yameniokoa na mengi, pamoja na mchumba mmoja aliyenipenda sana huku ana mke Isiolo.

Katikati ya miaka ya tisini nilipata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ndogo ya serikali kule Kiritiri. Mume wangu aliuza viazi kwa jumla sokoni Gakoromone, na wateja wa viazi hawangoji mtu, kwa hivyo tulikubaliana nishuke peke yangu, naye awe akija kila mwisho wa mwezi. Nilipompa mama habari hizo, aliacha kuchambua maharagwe.

"Huko chini?" aliuliza. "Kwa Wambeere?"

Siku hizo sisi Wameru, watu wa mlimani, tuliambiana kwamba watu wa kule chini wanajua dawa, na si dawa za kuponya. Sikumjua hata mtu mmoja aliyekuwa ameona kitu kwa macho yake. Hilo halikutusumbua, lilituonyesha tu jinsi wanavyojua kuficha.

Lakini kilichomtisha mama hasa haikuwa kazi. Nilikuwa na mimba changa. Ya kwanza iliharibika mwaka uliotangulia, wakati nilikuwa nimeanza kuhisi ikicheza, na daktari akasema mambo haya hutokea bila mtu wa kulaumiwa. Mama hakukubali, na ukweli ni kwamba mimi pia sikukubali. Nilimtaka mtoto huyu wa pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, mkono ulikuwa tayari tumboni ukisikiliza.

Nami nilikuwa nimeokoka tangu shule ya upili. Mtu aliyeokoka haogopi uchawi. Huo ndio msimamo, na nilikuwa nimeutolea ushuhuda mbele ya watu. Basi sikuogopa. Nilijichunga tu.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyefuga mbuzi pembezoni mwa soko. Wote tulimwita shosho, yaani nyanya. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua ndefu, na tulisali kanisa moja la mabati. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, jambo ambalo niliona ni la mtu anayetaka aonekane anaimba.

Mimba niliificha ndani ya sweta. Shosho aliniangalia kwa muda wa wiki hivi, kisha siku moja akanisimamisha kando ya zizi.

"Mtu akivaa sweta hapa Kiritiri," alisema, "ama ako na malaria ama ako na mimba. Na wewe hutetemeki."

Nilicheka, na kicheko kikanilegeza. Akaniuliza kama ni ya kwanza. Kabla sijajishika, nilikuwa nimemjibu kwamba ni ya pili, ya kwanza ilienda. Hakusema pole. Alinitazama tumboni, akanitazama usoni, akarudi kwa mbuzi wake. Nilijilaani usiku kucha. Nilikuwa nimempa mtu nisiyemjua habari ambayo hata dada zangu sikuwapa yote.

Jumatano iliyofuata, nikitoka kazini, alikuja mlangoni na kibuyu cha uji wa mawele uliochachuka vizuri. Aliunyoosha mkono. Mimi nikangoja. Yeye naye akangoja.

"Onja kwanza, shosho," nilimwambia, nikijifanya namtania.

"Wacha. Kunywa wewe. Mimi siwezi leo."

Siwezi! Nilimwambia nitakunywa baadaye, uji wa moto unanichoma moyo, na alipoondoka nikaenda kuumwaga nyuma ya choo. Kuku wake walikuja mbio. Kesho yake niliwachunguza mmoja mmoja na wote walikuwa wazima, wakichakura kama kawaida. Hilo lilinituliza kwa dakika chache, halafu nikakumbuka kwamba dawa ikishatajiwa mtu haimjui kuku.

Mambo yakaendelea hivyo. Kila Jumatano uji, na kila Jumatano haonji. Kilichonikondesha zaidi ni kwamba siku nyingine alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Jumapili tukitoka kanisani alikunywa chai yangu na kuomba sukari zaidi. Ijumaa aliniletea kunde, akabugia kijiko cha kwanza hata sijamwangalia. Ni Jumatano tu. Nikaamua kumpima. Jumatano moja nilipika chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, nikamkaribisha ndani. Alikataa. Nikampa maji. Alikataa hata maji, na jua lile la Kiritiri lilikuwa limekausha midomo yake mpaka ikapasuka. Mtu anayekataa maji yako ana neno na wewe, nilijiambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu alikuwa hata amenipangishia nyumba.

Usiku niliomba. Niliomba kwa sauti, niliomba kwa machozi, nilimwambia Mungu anizungushie ukuta wa moto, mimi na mtoto, na amkatishe shosho njia zake. Nilisema amina, nikakagua komeo, nikasukuma kiti mlangoni, kisha nikalala macho yakiwa yametazama dari. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi na gunia la viazi, alinikuta nimekonda mwili wote isipokuwa tumbo. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia ni joto.

Mimba ilipokaribia miezi saba, tumbo lilinishika ofisini. Hayakuwa yale maumivu ya kawaida. Yalikuwa yale ninayoyajua. Nesi wa zahanati alinipima, akasema mtoto yuko salama lakini nisiinuke kitandani, nisibebe hata sufuria, ningoje. Nesi alitumia neno hilo, ningoje, kama kwamba kungoja ni kitu chepesi.

Siku ya pili ya kulala hivyo ilikuwa Jumatano. Sikuwa nimekula tangu jana yake, kwa sababu sikuweza kuchota maji, na jirani yeyote ambaye angenipikia nilikuwa nimeshamweka kwenye orodha ya mama ya wasioaminika. Nilisikia hatua ndefu zikija. Shosho aliingia bila kungoja hodi ijibiwe, akaketi kwenye kile kiti changu cha kuzuilia mlango, akaweka kibuyu mapajani.

"Leo utakunywa nikiwa hapa," alisema. "Hii uji ya kuku imetosha."

Alikuwa anajua! Yeye hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka, macho yameingia ndani.

"Tuombe kwanza," alisema.

Ni lazima nieleze kwamba kwa miezi ile yote sikuwa nimeomba macho yangu yamefungwa mbele ya mtu. Hata kanisani niliinamisha kichwa na kuchungulia. Macho yakifumbwa, nani anaona mikono ya watu iko wapi? Basi shosho alianza kuomba, kwa Kimbeere, na mimi nikamtumbulia macho. Lugha yao na yetu si mbali sana. Nilisikia *mwana wakwa*, mtoto wangu, na nikadhani anamtaja mtoto wake mwenyewe. Baadaye kidogo nikatambua kwamba ni mimi. Alikuwa akimsihi Mungu juu yangu kama mtu anayebishana na afisa aliyemzoea, anarudia, anasisitiza, anamkumbusha. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kibuyu, wazi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa kabisa. Ningeweza kumfanya chochote.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Mimi nilikuwa nimemwajiri Mungu awe bawabu wa nyumba yangu, halafu nikawa nakesha kila usiku kumchunga asije akasinzia. Basi ni nani aliyekuwa analinda? Kama hawezi kunilinda na kibuyu cha uji, sijui nilikuwa nimeokoka kwa nani. Na kama anaweza, kwa nini nimekufa njaa kitandani huku mtoto ananigonga mbavu? Nilichoka. Nitasema wazi kwamba sehemu kubwa ya imani yangu siku ile ilikuwa uchovu. Nilimwambia moyoni: mtoto huyu ni wako, mimi siwezi tena kumchunga usiku na mchana. Kisha nikafumba macho.

Nilikuwa na hofu nyingi hata niliposikia amina. Nilipokea kibuyu. Hakuonja. Nikanywa.

Ulikuwa mtamu, mchachu, wenye moshi kidogo. Niliumaliza. Shosho alifuta mdomo wangu kwa kanga yake kama nilivyofutwa na mama utotoni, akachukua ndoo, akaenda kunichotea maji. Mimi nikabaki nikisubiri tumbo linikate. Nilisubiri, nikasubiri, nikashikwa na usingizi, na ulikuwa usingizi wa kwanza wa mchana tangu nishuke Kiritiri. Nilipoamka mtoto alikuwa anacheza.

Sitasema kwamba hofu iliondoka siku ile ikaaga. Hofu ni kama mbuzi wa jirani: ukiifukuza asubuhi, jioni unaikuta kwenye mahindi. Jumatano zilizofuata nilikunywa, lakini kila mara nilimtazama kwanza usoni, na kila mara ilinibidi kufumba macho upya. Hakuonja hata mara moja, wala sikumwuliza tena. Kiti cha mlangoni nilikirudisha mezani.

Wakati wa kujifungua ulipokaribia, mume wangu alinipeleka kwa mama. Nilijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti. Mume wangu alishuka Kiritiri kuchukua nguo zangu, akampasha shosho habari. Alituambia kwamba mzee yule alimsikiliza vizuri, akauliza tu njia ya kufika kwetu.

Alifika Jumatano. Kutoka joto lile mpaka baridi yetu ya mlima, amevaa sweta, kibuyu kimefungwa kwa kanga mgongoni. Mama alimpokea kwa adabu zote na macho yote. Aliweka chai mbele yake. Shosho alishukuru, hakuigusa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala," nilimwambia. "Nimwamshe?"

"Wacha. Nitangoja."

Alingoja. Chai ikapoa, ikafanya utando. Mama alinikonyeza kutoka jikoni: *umeona?* Nilimwona mama, nikamwona shosho, na ile hali ya zamani ikaanza kunipanda tena kama maji ya mto. Tulizungumza habari za mvua. Shosho alimwambia mama kwamba watu wake walimkataza kunipangisha. "Waliniambia Mmeru ako na hasira, anachukua panga ndio anauliza. Nililala nikifunga mlango mwezi mzima." Mama alikohoa, akarudi jikoni.

Ndipo mtoto akaamka. Alilia vile anavyolia yeye, bila kuanza polepole, nyumba nzima ikajaa. Nikainuka kumchukua. Nilipogeuka, shosho alikuwa amefungua kibuyu na ameinua kichwa, anakunywa. Alikunywa funda baada ya funda, koo likipanda na kushuka, uji ukimtiririka kidevuni, na machozi yakiufuata. Alipomaliza kunywa alinikabidhi kibuyu kama inavyopaswa.

"Shosho," nilisema, "mbona leo umeonja?"

"Si amelia?"

Sikuelewa, akaona sielewi. "Ile siku uliniambia ya kwanza ilienda, niliambia Mungu Jumatano sitaweka kitu kwa mdomo, hata maji, mpaka nisikie huyu akilia na masikio yangu. Bwana yako aliniambia amezaliwa. Lakini kuambiwa si kusikia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ingekuwa matangazo. Kufunga si ya matangazo."

Nilikaa chini na mtoto. Midomo ile iliyopasuka, maji yangu aliyoyakataa, kila ushahidi niliokuwa nimeukusanya dhidi yake, wote ulikuwa njaa yake kwa ajili ya mtoto wangu. Nililia kwa sauti kubwa kuliko mtoto.

Mama alisikia yote kutoka mlangoni mwa jikoni. Kisha alikuja na kikombe chake, akakinyoosha mbele ya shosho. "Nami nipe," alisema. Shosho akakichukua tena kibuyu, akammiminia, akasema tuombe kwanza. Sote tukainamisha vichwa. Nikafumbua jicho moja kumchungulia mama. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi, yamekazia kile kikombe. Kisha, polepole, akayafumba.